Neno "Kurutubisha" Lifikapo Uvira

Muhula uliopita, katika somo la istilahi, kila mmoja wetu alipewa maneno matano ya sayansi ya tabianchi ayatafutie Kiswahili. Wenzangu walipata maneno yenye adabu: ukame, mmomonyoko, nishati ya jua. Katika matano yangu mimi lilikuwamo moja linalotaja kazi ambayo wengi darasani hawakuwahi kuisikia: kumwaga madini ya chuma baharini ili bahari ivute hewa ukaa kutoka angani na kuizamisha chini. Kwa Kifaransa na kwa Kiingereza jina la kazi hiyo limejengwa juu ya neno la shamba, lile la kutia mbolea. Kabla sijafungua kamusi, darasa zima lilikwisha kunipa jibu: urutubishaji wa bahari kwa chuma. Linatamkika, linafuata kanuni, lina u- yake mwanzoni na -ji yake mwishoni kama istilahi zote zinazojiheshimu. Mwalimu alilikubali. Mimi ndiye niliyelikataa, na kwa kuwa dakika za darasa hazikunitosha, mhariri amenipa kurasa hizi.

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba naandika makala, alicheka. Kwetu Uvira makala ni mkaa wa kupikia, na alitaka kujua gunia nitaliuza bei gani. Mkaa utaingia katika habari hii, lakini baadaye kidogo.

Kwanza kazi yenyewe. Baharini kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, planktoni, inayofanya kazi ileile ya jani la muhogo: huchukua mwanga wa jua na hewa ukaa, ikajenga mwili. Ikifa bila kuliwa, sehemu yake huzama, na kaboni iliyomo mwilini huzama nayo. Lakini yapo maeneo makubwa ya bahari, hasa Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika na sehemu za Pasifiki, ambako naitrojeni na fosforasi zimejaa na bado mimea ni haba. Mmarekani John Martin, wa maabara ya Moss Landing huko California, ndiye aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kinachokosekana huko ni chuma. Ardhini chuma ni kingi mno. Katika maji yenye oksijeni, hata hivyo, hushika kutu na kuzama, na bahari iliyo mbali na nchi kavu hubaki na njaa ya kitu inachokihitaji kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 1988 Martin alisema, nusu mzaha nusu kweli, kwamba wakimpa nusu ya meli ya chuma atawapa zama za barafu. Alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla wenzake hawajamwaga karibu kilo 450 za chuma karibu na visiwa vya Galápagos na kuona mimea ikiongezeka.

Kati ya mwaka huo na 2009 yalifanyika majaribio zaidi ya kumi ya namna hiyo, na kila mara jambo la kwanza lilitokea: ukitia chuma mahali panapokosa chuma, mimea huota. Jambo la pili, la kuzama, ndilo gumu. Mwaka 2004 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilimwaga chuma katika mzunguko wa maji wa Bahari ya Kusini. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalisema kwamba angalau nusu ya mimea iliyoota ilizama kupita mita 1,000. Mwaka 2009 meli hiyohiyo ilirudi ikiwa na wanasayansi wa Kihindi na wa Kijerumani, katika jaribio walilolipa jina LOHAFEX. Mwanaisimu atasimama hapo: loha ni chuma kwa Kihindi, na safari hiyo ndiyo pekee ninayoijua katika habari hizi ambayo chuma kiliitwa kwa lugha isiyo ya Ulaya. Mara hii kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Maji yalikuwa na upungufu wa silika, kwa hiyo diatomu, zile planktoni zenye ganda zito linaloshuka haraka, hazikustawi. Zilizoota ni nyingine laini, na wadudu wadogo wa majini waitwao kopepodi wakazila. Kwa anayetaka kuzika kaboni, jaribio lilikuwa limekwama. Kwa kopepodi ilikuwa karamu.

Nawaomba wasomaji waishike karamu hiyo ya kopepodi, maana ugomvi wangu wote na neno kurutubisha umo ndani yake.

Rutuba tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni unyevunyevu. Ukilichukua neno kwa asili yake, kurutubisha bahari ni kuilowanisha bahari, na kwa kuanzia hilo tu lingetosha kumchekesha mtu. Lakini sitaki kushinda kwa hila ya asili ya maneno. Neno huishi kwa matumizi, na katika matumizi yetu rutuba ni ile hali ya udongo inayomfanya mkulima atabasamu kabla ya kupanda. Mbolea nayo, ukitega sikio la Kibantu, utasikia ndani yake kuoza: Warundi husema kubora, nasi tuna -bovu. Ni kitu kilichooza ili kingine kipate kuliwa. Maneno yote mawili yana mtu anayesubiri mwishoni, akiwa na sahani mkononi. Na chuma kina pacha wake wa sauti, kitenzi kuchuma, kile cha mchumia juani hulia kivulini. Hayana ukoo, najua, chuma cha madini ni ki-uma na wingi wake ni vyuma. Lakini msikilizaji hapewi kamusi ya asili pamoja na tangazo la redio. Mtu akiambiwa kwamba bahari inarutubishwa kwa chuma, atakachosikia ni ahadi ya mavuno.

Nilitaka kujua kama nasema kweli au najisikia tu, kwa hiyo likizo ilipofika nililipeleka neno hilo Kalundu kwa mjomba.

Kalundu ni upande wa kusini wa mji wa Uvira, kwenye bandari. Milima imeusukuma mji mpaka majini, na mtu aliyelala kichwa kwake kikielekea mlimani, miguu yake imeelekea ziwani. Mashariki, ng'ambo ya maji, usiku unaona taa za Bujumbura. Kaskazini mto Ruzizi unaingia ukileta maji ya Ziwa Kivu. Mjomba amevua hapo tangu kabla sijazaliwa, mitumbwi imeunganishwa kwa miti, wavu umeshushwa katikati, taa zimeinamishwa juu ya maji ili ndagala wapande. Zamani zilikuwa taa za mafuta, sasa ni za betri. Mwezi ukiwa mpevu havui, kwa sababu hakuna taa inayoshindana na mwezi, na usiku huo hushona nyavu. Siku hiyo alikuwa anashona.

Kosa la kwanza la istilahi lilijitokeza kabla sijamaliza sentensi. Niliposema chuma, alielewa vyuma. "Vyuma vya motokari?" aliniuliza. Aliona mabati, springi na injini zilizokufa zikisukumwa kutoka kwenye meli, na alikuwa na haki, maana chuma cha ngeli yetu ya ki-/vi- ni kitu chenye umbo, kinachohesabika. Nikamweleza kwamba ni unga, salfeti ya chuma, unaoyeyushwa kwanza. Bado hakupata picha. Mkewe, aliyekuwa akichambua ndagala kwenye beseni, ndiye aliyetuokoa wote wawili. Aliuliza kama ni kile cha vidonge vyekundu wanavyopewa wajawazito kliniki, vya kuongeza damu. Ndicho. Chumvi ileile ya chuma. "Basi bahari iko na upungufu wa damu," akasema, na akaendelea na kazi yake. Nimesoma maelezo mengi ya nadharia ya Martin, na sijaona lililo fupi na sahihi kuliko hilo.

Mjomba akarudi kwenye mbolea. Samaki watakula ile mimea? Nikasema wengine watakula, lakini wenye mpango hawaombi hivyo. Wao wanaomba isiliwe, ife, izame mpaka chini kabisa na ikae huko miaka mamia. Alinyamaza akavuta uzi kwa meno. "Iyo haiko mbolea, mwipwa wangu," akasema. "Mbolea ni ya kitu batu batakula."

Ningeweza kuishia hapo na kuwasilisha karatasi yangu, kwa kuwa msemaji asilia amekwisha kutoa hukumu. Lakini ziwa lenyewe linafanya jambo liwe gumu zaidi, na kwa anayekaa Uvira ni gumu kwa namna inayoingia tumboni.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Baikal peke yake ndiyo inayolizidi duniani. Oksijeni inaishia kama mita 100 hadi 200 chini ya uso, na kuanzia hapo mpaka chini ni maji yasiyo na pumzi. Kila kinachokufa juu hushuka humo na kuoza, na chakula cha mimea, naitrojeni na fosforasi, hujikusanya humo miaka na miaka. Kwa maneno mengine mbolea tunayo, ya kweli, ile ya kuoza, ila imewekwa ghalani na mlango uko juu. Anayeufungua ni upepo. Wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu yenye joto kuja kwetu kaskazini, na huko kusini maji baridi ya chini hupanda na chakula chake. Upepo ukitulia, ziwa huyumba kama maji katika beseni lililogongwa, na uyumbaji huo nao huchanganya. Planktoni hula, wadudu wadogo hula planktoni, ndagala hula wadudu, mikebuka hula ndagala, nasi tunawala wote wawili.

Sasa maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule hauwezi tena kuyachanganya vizuri. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa mimea ya ziwa huenda umepungua kwa takriban asilimia 20, na wakakadiria kwamba hilo lingepunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Watafiti wengine wamebishana nao, wakasema nyavu nyingi na mashua nyingi nazo zina sehemu yake. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma matope ya chini ya ziwa na kuona upungufu ukianza katika karne ya 19, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Mjomba hakusoma hata moja ya hizo, naye hubishana na majirani kwa hoja zilezile: mmoja atalaumu joto, mwingine nyavu za matundu madogo, wa tatu atataja miezi ile ambayo usalama unawazuia watu kutoka usiku.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi ya baharini na msiba wa ziwa ni mashine moja iliyotazamwa kutoka ncha mbili. Kule Bahari ya Kusini wanataka kilicho juu kishuke na kisirudi. Kwetu tunaomba kilicho chini kipande. Shimo linalomfurahisha mzika kaboni ndilo linalomfilisi mvuvi. Na lugha inayotumia neno moja, kurutubisha, kwa mambo haya mawili inamwekea mvuvi mtego, hata kama aliyelitunga hakukusudia.

Mwalimu wangu alinipinga, na hoja yake ni nzuri. Alisema istilahi hutaja tendo, haitaji nia ya mtendaji. Kisu ni kisu jikoni na ni kisu mkononi mwa mwizi. Chuma kikiingia majini mimea huota, na kuotesha ndiko kurutubisha. Itakavyotumika mimea hiyo ni habari ya sentensi nyingine. Tena, akasema, ukianza kukataa istilahi kwa sababu zinaficha jambo, utabaki bila istilahi, kwa kuwa kila jina huficha upande mmoja.

Kama neno lingekaa ndani ya kitabu cha biolojia ningemkubalia. Lakini hili halikukaa kitabuni. Mwaka 2012, magharibi mwa visiwa vya Haida Gwaii huko Kanada, ilimwagwa salfeti ya chuma iliyotajwa kuwa kama tani 100. Safari hii waliolipa hawakuwa maabara. Kilikuwa kijiji cha Wahaida, Old Massett, wavuvi wa samoni tangu enzi, ambao walishawishiwa na mfanyabiashara wa Kimarekani, Russ George. Wanakijiji walipiga kura. Waliahidiwa vitu viwili kwa pamoja: samoni watarudi, na kaboni itakayozama itauzwa kama hati za ukaa. Naomba tuyasome yote mawili kwa utulivu. Mmea ulioliwa na kopepodi, akaliwa na samoni, sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi majini na hewani kwa pumzi. Mmea uliozama haukumlisha mtu. Unaweza kupata kidogo cha hiki na kidogo cha kile, lakini huwezi kumuuzia mtu ng'ombe mmoja kama nyama na kama maziwa ya miaka kumi. Mwaka uliofuata samoni walikuwa wengi katika baadhi ya mito, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba ni chuma kilichowaleta. Ninachokiona mimi ni kwamba kura ile ilipigwa chini ya neno moja lililobeba ahadi mbili zinazovutana. Kijiji hakikudanganywa kwa takwimu tu.

Mataifa yalikuwa yamekwisha kushtuka. Mwaka 2008 nchi za Mkataba wa Bioanuwai, zikikutana Bonn, ziliomba kazi hizi zisifanywe isipokuwa utafiti mdogo wa pwani, na mwaka huohuo nchi za Mkataba wa London juu ya kutupa taka baharini zikasema kwamba lisilo utafiti halali lisiruhusiwe. Angalia lugha tena: mkataba wa kutupa taka. Wanasheria waliona kutupa pale wafanyabiashara walipoona kutia mbolea. Tendo ni lilelile, unga uleule, meli ileile.

Watu huniuliza Uvira inahusika vipi na bahari ambayo iko mbali hivyo. Ziwa letu linatoka kwa mto Lukuga, pale Kalemie, linaingia Lualaba, na yale machache yasiyonyonywa na jua njiani yanafika Atlantiki kupitia mdomo wa mto Kongo. Lakini hiyo ni jiografia ya kufurahisha tu. Sababu yangu ni kwamba ziwa lenyewe linaweza kuitwa shamba siku yoyote. Mwaka 2008 Aaike De Wever na wenzake walichapisha majaribio ya kuongeza naitrojeni, fosforasi na chuma katika maji ya Tanganyika, wakaonyesha kwamba planktoni za ziwa hazijibu kwa namna moja: kundi hili linapenda hiki, kundi lile kile. Ulikuwa utafiti safi, wa kuelewa ziwa, na sijasikia mtu akipendekeza kumwaga chochote. Lakini mtu mwenye meli, pesa na neno zuri hahitaji zaidi ya hapo.

Na chuma tunakipata tayari, bila meli. Milima iliyo juu ya Uvira imekatwa miti kwa mashamba na kwa makala, yaani makala ya mama, ya gunia. Mvua ikinyesha udongo mwekundu unashuka, na wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukabeba nyumba na watu, na kesho yake maji ya ufukweni yalikuwa na rangi ya matofali. Kama kutia chuma kungekuwa kurutubisha, Uvira ingekuwa na ndagala wa kugawa bure. Chuma cha namna hiyo hakiyeyuki kirahisi. Kinazama na tope lake, kinafunika mawe ambako samaki wadogo wa pwani wanakula na kutaga. Cohen huyohuyo niliyemtaja aliandika pamoja na wenzake mwaka 1993 kwamba pwani za kaskazini mwa ziwa zilizopokea tope jingi zina aina chache za viumbe. Mjomba huita msimu huo maji machafu na hapotezi mafuta kutoka.

Jambo jingine limenifundisha kwamba sipigani na kivuli. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Neno lililotumika lilikuwa kupumzisha: ziwa linapumzishwa. Ni neno zuri, na pengine sera ni nzuri pia, mimi si mtaalamu wa samaki. Ila habari ilipovuka maji ikafika Kalundu, mke wa mjomba aliuliza swali la sarufi bila kujua kwamba ni la sarufi. Ziwa likipumzika, nani amepumzishwa? Kitenzi cha kutendesha kina mtendeshaji na mtendeshwa. Yeye alijihesabu katika hao wa pili, na hakuwa ameulizwa. Ada za shule ya wanawe, na ukweli ni kwamba na zangu za miaka miwili ya kwanza, zimetoka katika beseni lile la ndagala. Neno likisema ziwa, yeye ametoweka katika sentensi.

Kurutubisha ni kutendesha vilevile. Mtu anaifanya bahari iwe na rutuba. Sentensi imejaa: mtenda yupo, chombo kipo, bahari ipo. Hakuna nafasi iliyobaki kwa anayekula wala kwa kinachozikwa. Nikitafuta kauli inayoacha nafasi hiyo wazi, naiona katika kutendea. Kumwaga, kumwagia. Kumwagia kunamlazimu msikilizaji kuuliza: wanamwagia nani, kwa ajili ya nini? Kiambishi kidogo hicho cha -i- ndicho chenye adabu ambayo -ish- haina. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaolalamika kwamba minyambuliko ya vitenzi haina faida maishani wanisamehe.

Najua kumwagia ni neno la jikoni na la bustani, halina heshima ya urutubishaji. Rafiki yangu wa darasani, mwenyeji wa Morogoro, aliniambia kwamba tume yoyote ya usanifishaji italikataa kwa sababu linasikika kama mtu anamwagia mwenzake maji machafu. Hiyo ndiyo sifa yake, nilimjibu. Istilahi inayomfanya waziri akune kichwa kabla ya kutia sahihi imefanya nusu ya kazi. Yeye alipendekeza kulisha bahari chuma. Nililipima siku nzima, kwa sababu la vidonge vya damu lilikuwa bado masikioni mwangu, na mgonjwa hulishwa. Nikaliacha. Anayelishwa ni yule unayemtaka aishi na akue, na mpango huu unataka planktoni zife kwa wakati.

Pia nilijiuliza kama nimpe mjomba madaraka makubwa mno. Yeye ni mvuvi mmoja wa ufuko mmoja, tena Kiswahili chake cha Uvira, chenye batu na iko, kinachekwa hata katika korido za kitivo chetu, jambo ambalo sitalipitia hapa kwa kuwa lingekula kurasa zote. Lakini Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa za Kongo, na istilahi za tabianchi zikisanifishwa zitasomwa redioni Uvira kama zitakavyosomwa Tanga. Samaki mmoja ana majina matatu kuzunguka ziwa moja: ndagala kwetu na Burundi, dagaa Kigoma, kapenta Zambia. Hakuna aliyekufa kwa tofauti hiyo, kwa sababu kila mtu anamwona samaki mwenyewe kwenye beseni na anajua kinachotajwa. Salfeti ya chuma iliyomwagwa kilomita mamia kutoka pwani hakuna anayeiona. Hapo neno ndilo beseni pekee tulilo nalo.

Katika karatasi niliyowasilisha nimeandika vidahizo viwili mahali palipotakiwa kimoja. Cha kwanza ni umwagiaji wa chuma baharini, kwa tendo. Cha pili ni uzamishaji wa kaboni, kwa lengo, nikaongeza maelezo kwamba lengo hilo linaweza lisifikiwe, kama 2009. Chini yake, kwa penseli, nimebakiza kurutubisha kwa ajili ya siku ambayo upepo wa kusini unafungua lile ghala la ziwani na ndagala wanapanda kwenye taa. Mwalimu amezungushia penseli hiyo duara jekundu na kuandika pembeni: "Mfano wa matumizi?" Nimempigia mjomba simu nimwombe sentensi. Aliniambia nisubiri mwezi ufe kwanza, ndipo atatoka na kuona kama kuna kitu cha kusema.